Aliyewaonyesha Watu Samaki, Akawaficha Mto

Evaristo Galarza, tuliyekuja kumzika leo, alizaliwa Jumanne, tarehe 26 Oktoba 1954, katika nyumba ya mbao karibu na gati la Bella Vista, mkoa wa Corrientes. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Policarpo Galarza na marehemu Basilia Ayala. Kalenda ya kanisa siku hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Evaristo, kwa hiyo jina halikuhitaji kikao. Baba yake alivua samaki wa kula nyumbani, na mahali alipowavulia hakumwambia hata mkewe. Ugonjwa huo, kama ni ugonjwa, ni wa ukoo. Mdogo wake Delfina, anayewasomea maneno haya, aliukosa kwa sababu moja tu: mtumbwi wa Galarza haukupandwa na mwanamke.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa mjini, 1961 hadi 1967. Akiwa darasa la nne, Mwalimu Azucena aliwaagiza wachore ramani ya mto. Evaristo alichora kingo zote mbili, kanisa, gati na hata mbwa wa gatini, lakini hakuchora kisiwa hata kimoja.

"Galarza, visiwa viko wapi?"

"Mwaka huu maji ni mengi, mwalimu. Vimezama."

"Vyote?"

"Vyote ninavyovijua mimi."

Alipewa sifuri. Ramani hiyo aliiwekea fremu alipokuwa mtu mzima, na ipo ukutani nyumbani kwake kwa anayetaka kuiona.

Aliajiriwa posta tarehe 3 Machi 1977, akagawa barua kwa baiskeli miaka thelathini na saba. Alijua nani kahama bila kuaga na nani anaandikiwa barua za mapenzi kutoka miji miwili tofauti, na hakutoboa siri ya mtu. Wapo hapa makaburini wanaojijua. Wamshukuru kimya kimya.

Jumamosi, tarehe 16 Mei 1981, alimwoa Ermelinda Sotelo, fundi cherehani, aliyekutana naye kwenye dansi ya chamamé, muziki wetu wa kodiani, akamkanyaga mguu mara mbili. Kabla ya kuingia kanisani alimwambia, "Nitakwambia kila kitu, isipokuwa ninapovua." Ermelinda akamjibu kwamba na yeye atampikia kila kitu, isipokuwa samaki asiyejulikana alikotoka. Kiapo cha Ermelinda kilidumu hadi Ijumaa. Cha Evaristo kilidumu karibu miaka arobaini na mitatu. Mungu aliwajalia Rosaura mwaka 1983 na Anselmo mwaka 1986.

Mwaka 2012 Rosaura alimletea baba yake kamera ndogo kutoka Buenos Aires. Sote tulidhani itakaa kabatini. Wapi! Mzee aliifunga kifuani kwa mkanda wa mfuko wa barua, akamshonesha Ermelinda turubai la buluu, akalisimamisha kwa fito mbili nyuma yake mtumbwini. Video zake zote mmeziona: mkono, mshipi, samaki, uso wa Evaristo unaocheka, na nyuma yake buluu tupu. Alifundisha kila kitu bila uchoyo, fundo, chambo, jinsi ya kumshika dorado bila kumuumiza na kumrudisha majini akiwa na nguvu zake. Watu elfu arobaini walimfuata, wengine kutoka Paraguay na Hispania, na kila wiki kulikuwa na wa kumwandikia, "Babu, fungua pazia."

Delfina naye alimuuliza. "Kaka, kama hutaki watu wapajue, unawaonyesha ya nini?"

"Nisipowaonyesha watasema naongopa. Nikiwaonyesha na mahali, mwakani sitakuwa na cha kuwaonyesha."

Alikosea mara moja. Tarehe 9 Januari 2016 alimpata dorado wa kilo kumi na nne, na kwa furaha akairusha video siku ile ile bila kuisikiliza mpaka mwisho. Dakika ya sita, nyuma ya kicheko chake, wanasikika karaya, wale kima wanaonguruma, kwa sekunde kumi na moja. Turubai huzuia macho, halizuii masikio. Na kila mtoto wa mji huu anajua karaya wa visiwani walikaa kwenye kipande kimoja tu cha msitu. Jumamosi iliyofuata zilikuja boti kumi na tisa, zenye nyavu, moto wa kuchoma nyama na muziki. Kufika Pasaka hapakuwa na dorado wala karaya.

Hakumlaumu mtu. Alisimama mbele ya kamera akasema, "Mimi ndiye niliyewaita," akaizima, na mwaka mzima hakuiwasha. Mwezi mzima alipiga makasia kwenda kule kuokota chupa. Msiba wa baba yake aliubeba vizuri kuliko ule.

Mwaka 2017 alipata mahali pengine, ambapo hakupapa jina. Alipaita Pale. Tangu hapo kila video aliirekodi huku redio ikipiga chamamé kwa sauti ya juu kabisa, na wafuasi wakaanza kuandika, "Babu, tunakuomba, zima kodiani." Hakuizima. Lakini kadiri umri ulivyosogea alipata hofu ambayo Delfina aliisikia kwake mara nyingi. Akisema, Pale patakufa kama kule kwa karaya. Asiposema, siku akiondoka hapatakuwa na wa kupaangalia. Alihitaji mtu mmoja wa kumwamini, na katika mji aliougawia barua miaka thelathini na saba hakuweza kumchagua.

Septemba 2022 alianza kukohoa, na madaktari mjini Corrientes wakakuta saratani ya pafu. Aliugua kwa subira kubwa kuliko tulivyotegemea. Alhamisi, tarehe 22 Februari mwaka huu, alimwita mkewe karibu na kitanda cha hospitali. Delfina alikuwa mlangoni akimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya majani, na hakuambiwa atoke.

"Mama, sogea. Nataka kukwambia Pale ni wapi."

"Usijichoshe, mzee. Napajua."

"Hupajui."

"Nani anakufulia? Soksi zako zinakuja na mbegu fulani, suruali zinakuja na udongo fulani. Vitu hivyo viwili vinakutana mahali pamoja tu."

Ni mbegu gani na udongo gani, Ermelinda alivitaja. Familia imeamua visisomwe hapa.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu 2018. Mbegu nazitoa moja moja, nachoma jikoni kabla Anselmo hajaziona. Mdomo wa Anselmo unaujua."

"Umeshafika?"

"Mara mbili, ulipokuwa Buenos Aires kwa Rosaura. Niliazima mtumbwi. Nikapata dorado mkubwa kuliko wako."

"Kilo ngapi?"

"Kumi na sita. Nimempima kwa mizani yako, ile unayosema imepotea."

"Ukamfanyaje?"

"Nikamrudisha. Si ndivyo unavyofundisha?"

"Una picha?"

"Picha ya nini, mzee? Mimi nilikwenda kuvua."

Evaristo alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Kisha akalia, akamshika mkewe mkono, akasema, "Basi. Sasa nimetulia." Delfina naye alilia pale mlangoni, na yerba ikapoa. Miaka sitini aliamini kwamba wanawake wa nyumba hii hawana lao mtoni. Siku hiyo mgonjwa alilala bila dawa ya maumivu.

Evaristo alifariki Jumapili, tarehe 14 Aprili 2024, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani, kitandani kwake, mkewe akiwa ameshika mkono wake na redio ikiwa wazi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha video mia mbili na kumi na mbili ambazo yeyote anaweza kuzitazama. Ameacha pia moja ambayo hajaitazama mtu. Oktoba 2021, akiwa Pale, alilishusha turubai, akazima redio, akarekodi pande zote nne, kwa sababu, kama alivyomwambia mkewe siku zake za mwisho, alitaka mara moja auone mto wote bila woga. Tangu Jumapili watu wengi wameandika kuiulizia, na wengine wamesimama pale nyuma na kamera zao. Karibuni sana, chipá, mikate yetu ya jibini, ipo ya kutosha. Kadi yenye video hiyo iko kwenye mfuko wa shati la marehemu, na Ermelinda ameufunga kifungo. Turubai la buluu ndilo mnaloliona juu ya jeneza, na litashuka nalo.

Marehemu ameacha mjane, Ermelinda. Watoto wawili, Rosaura na Anselmo. Wajukuu watatu, Ciriaco, Leonor na Itatí. Mdogo wake, Delfina. Na mtumbwi mmoja, ambao kwa maneno yake mwenyewe ni wa mkewe, na Delfina apande akitaka.

Sala ya novena itaanza leo saa moja jioni nyumbani kwa marehemu, kwa siku tisa. Siku ya kumi Ermelinda na Delfina watakwenda kuvua. Msiwafuate.

Kaka apumzike penye utulivu, na Pale pabaki palivyo.