Usimnyanyue Bado

Tangu asubuhi mnanisumbua niseme, kana kwamba kufa peke yake si kazi ya kutosha. Haya, sikilizeni wanangu, na wewe Santing kaa hapo mlangoni nikuone, kamera yako iache kwenye begi.

Nyumba hii na benchi la kushonea viatu ni vya Perla, kwa sababu ndiye aliyenifulia mashuka miaka minne bila kuziba pua. Jirani yetu Sepa akija matangani apewe kahawa, biskuti asipewe. Anajua mwenyewe alichoniambia mwaka wa mafuriko.

Sasa wewe, Santing. Ulikuja na wenzako kutengeneza filamu ya uzee wetu, ukanioshesha vyombo vilivyokuwa safi, ukamshonesha baba yako kiatu kilekile mpaka ngozi ikachanika. Ukauchukua mkono wangu ukauweka kwenye paji la uso wako, kama mtoto anayeomba baraka, nami nikakubariki kwa moyo wote, halafu mwanangu ukasema, “Tena, Nanay, kivuli kimeingia.” Nikakubariki mara tatu, mjinga mimi.

Siku ya mwisho baba yako akaanguka kutoka kwenye benchi, gundi ikammwagikia kifuani. Niliacha sufuria nimkimbilie, nikasikia sauti yako nyuma yangu: “Nanay, usimnyanyue bado.” Nikasimama. Wiki nzima ulikuwa umenizoesha kusimama ukisema simama, basi nikasimama, mpaka vidole vyake vikaacha kukwaruza sakafu.

Watu walilia kwenye filamu yako, wakakupa tuzo ile iliyo juu ya friji. Lakini sauti yako uliikata. Nimebaki mimi tu, kikongwe anayemtazama mumewe akifa wala hasogei. Sokoni wananiuliza, “Aling Toring, mbona ulimwangalia tu?” Muuza samaki hataki hata kupokea hela mkononi mwangu, ananiambia niweke mezani. Miaka minne nimenyamaza, kwa kuwa nilikuzaa.

Perla, fungua dirisha. Mtaa mzima uko uani unangoja nife. Santing, sema maneno yale uliyoyakata, wayasikie.

Usinililie. Sema.

Tena, mwanangu, kivuli kimeingia.

Tena. Sepa hasikii vizuri sikio la kushoto.

Naam. Sasa wamesikia, tazama wanavyokuangalia.

Maji, Perla… basi, yanatosha. Nivalisheni viatu alivyonishonea baba yenu, vile vyekundu, hata kama miguu imevimba, lazimisheni. Njoo Perla, inama, chukua mkono wangu. Mungu akulinde, akupe mtu wa kukufulia na wewe.

Santing, usipige magoti, sakafu ina maji. Umesema vizuri. Lakini mkono… Perla, huu mkono uingize chini ya blanketi. Ndani zaidi. Ufunike… asiufikie.