Taulo Kutoka Kona ya Kunio

Wasikilizaji wapendwa, kabla hamjaanza kunipigia simu kuuliza muziki wa mchana uko wapi, leo hakuna muziki. Mimi Onodera wenu leo nina msiba. Bi Fusae Migita ametutoka. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: Bi Fusae Migita, mwenye Jimu ya Migita, ile ya mabondia nyuma ya kiwanda cha chuma, alifariki Jumanne ya wiki iliyopita akiwa na miaka themanini na minne. Ameacha watoto wawili wa kiume, Kunio na Yasushi. Na kama wewe ni mtu wa hapa Amagasaki na umri wako umepita hamsini, ukisikia majina hayo mawili yakitajwa pamoja, najua umeshaweka kikombe cha chai mezani.

Bi Fusae hakuwahi kupigana ngumi. Bondia alikuwa mumewe. Mume alipofariki mwaka 1972, wakubwa wa ngumi walikuja na sura za huzuni, wakitaka kuinunua ile jimu. Aliwakaribisha, akawamiminia chai, akawaambia, "Haiuzwi. Mwenyekiti ni mimi." Walicheka mpaka wakakohoa. Miaka mitano baadaye walikuwa wanamwinamia. Sisi sote tulimwita Mwenyekiti, hata wanawe. Ghorofani alikuwa mama yao, chini jimuni alikuwa Mwenyekiti, na ole wako uchanganye.

Kunio alimtangulia Yasushi kwa miaka mitatu. Lakini uzito wao ulikuwa mmoja, na balaa lilianzia hapo. Uzito mmoja ni mkanda mmoja. Wakati wanajinyima chakula kabla ya kupimwa, Bi Fusae alikuwa anakula wali wake baridi chooni, amesimama, ili harufu isiwafikie. "Nilimfuma siku moja ana punje ya wali kidevuni," Yasushi aliniambia juzi. "Halafu akanifokea mimi!"

Sasa nisikilizeni vizuri. Hapa kwetu mabondia wa jimu moja hawapiganishwi. Ni desturi. Wataumizana mazoezini wanavyotaka, lakini pambano la kuuzwa tiketi, hapana. Desturi hiyo ndiyo iliyowakinga ndugu hawa wasikutane ulingoni.

Jumamosi moja mwandishi wa gazeti alikuja kumtazama Kunio akifanya mazoezi. Kunio ndiye aliyekuwa anatajwa kila mahali. Yasushi alikuwa anavaa kaptula alizoziacha kaka yake. Raundi ya pili, Yasushi akapeleka ngumi ya kushoto, na Kunio akakaa chini mbele ya kamera.

"Niliteleza," Kunio akasema. "Sakafu ina maji."

"Ndiyo, kaka. Uliteleza kwenye ngumi yangu."

Jimu nzima ikaangua kicheko. Kunio hakucheka. Jioni ile walishikana ghorofani, wakapigana bila glovu, wakaiangusha madhabahu ya marehemu baba yao. Bi Fusae aliikuta picha ya mumewe imelala juu ya majivu ya ubani. Wale wawili walikuwa wamepiga magoti, damu puani, na bado wanatukanana kwa sauti ya chini.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Bi Fusae naye akaona hivyo hivyo. Kwa kawaida bondia hahami jimu bila ruhusa ya mwenyekiti wake, na wenyeviti wengi huing'ang'ania ruhusa hiyo. Yeye aliandika barua siku ya tatu, akagonga muhuri wa familia kwa mkono wake mwenyewe, akampa Yasushi. "Nenda Osaka," akamwambia. "Ukale kwa watu. Mkikaa mbalimbali mtapendana." Nia yake ilikuwa njema. Lakini tazameni alichokifanya, jamani. Yasushi sasa alikuwa wa jimu nyingine, na ile desturi haikuwahusu tena.

Miaka miwili haikupita. Mkanda wa taifa ukabaki wazi, na waliostahili kuupigania walikuwa wawili tu: Kunio Migita na Yasushi. Tiketi ziliisha kwa siku nne. Mimi ndiye niliyekuwa mtangazaji wa ulingoni siku ile, Novemba 1988, nimevaa suti ya kuazima. Nilimkuta Bi Fusae nyuma ya jukwaa anakunja mataulo.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "si ungekaa na watazamaji leo?"

"Nikae na nani, Onodera? Kunio ni bondia wangu. Nitasimama kona yake." Akakunja taulo moja mara mbili. "Ule muhuri. Mkono wangu huu ndio uliougonga."

Raundi kumi. Kunio alianza kuongoza tangu ya pili. Yasushi alikuwa anakuja tu, anapigwa, anakuja. Na midomo haikuwaacha. "Umefuata nini huku, mtoto?" Kunio anamwuliza wakikumbatiana. "Kaptula yako, nimekuja kukurudishia!" Watu wa viti vya mbele walicheka. Kufika raundi ya sita, hakuna aliyekuwa anacheka.

Raundi ya nane. Kunio alimbana Yasushi kwenye kamba na akaanza kumimina ngumi. Kichwa, mbavu, kichwa. Mikono ya Yasushi ilishuka. Kilichomzuia asianguke ni zile kamba, na mwamuzi, kutokea upande aliosimama, hakuuona uso wake. Kona ya Yasushi ilikuwa inapiga kelele, "Vumilia! Kengele! Kengele!" Mimi nilikaa mezani hatua tatu kutoka pale. Niliyaona macho ya Yasushi. Yalikuwa wazi na hayakuwa yanatazama kitu.

Bi Fusae aliwapigia kelele watu wa kona ya Yasushi warushe taulo, yaani wakubali kushindwa. Hawakumsikia, au hawakutaka. Na kanuni ni moja: kona humwokoa bondia wake, haimwokoi wa mwenzake. Taulo aliloshika mkononi lilikuwa na uwezo wa kumfanya mtu mmoja tu ashindwe, naye ni Kunio.

Akalirusha.

Narudia, wasikilizaji, maana hata siku ile watu hawakuamini. Taulo lilitoka kona ya Kunio. Kunio, aliyekuwa anashinda. Mwamuzi aliliangalia kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake, halafu akapunga mikono. Pambano limekwisha. Na ni mimi niliyeshika kipaza sauti nikatangaza mshindi, Yasushi Migita, wakati mshindi mwenyewe amelazwa chali na hajui yuko wapi.

Kunio alirudi kona akihema. "Nani kalirusha?"

"Mimi."

"Mama, nilikuwa nashinda!"

"Najua. Mkanda utapigania mwingine. Mdogo wako nikimpoteza, nitamtoa wapi mwingine?"

Huo mkanda mwingine haukupatikana. Miezi minne baadaye madaktari walimkuta Kunio na jicho lililoharibika ndani, na kwa sheria za enzi zile, jicho la namna ile ndio mwisho wa bondia. Akaondoka kwenda Kitakyushu kuendesha malori. Miaka thelathini na moja hakukanyaga Amagasaki. Kila Mwaka Mpya ilikuja kadi yake kwa mama, ina anwani tu, haina hata salamu.

Yasushi aliupoteza mkanda pambano lililofuata. Mjini wakamwita "bingwa wa mama". Jina hilo lilianzia hapa, redioni, kinywani mwangu. Nililitafuta mwenyewe, nikajiona mchekeshaji. Nimeshamwomba radhi, na nyinyi mnisikie nikimwomba tena.

Yeye alirudi kwa mama yake, wakaiendesha jimu pamoja. Niliwahi kumwuliza Bi Fusae kama anajuta. "Ningelirusha tena," akasema. Kisha akaenda kufagia, na nikaona anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Alhamisi tulikwenda kuuchoma mwili wake, kama ilivyo desturi yetu. Kunio alikuja. Mvi kichwa kizima, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango.

Mnajua mifupa inayobaki baada ya moto hatuiokoti mtu peke yake. Ni watu wawili, kila mmoja na vijiti vyake, mfupa mmoja. Tulianzia miguuni kupanda juu. Mfupa wa shingo hubaki mwisho, kwa walio karibu zaidi na marehemu. Yasushi akashika vijiti, akangoja.

"Okota na mkeo," Kunio akasema kutoka mlangoni.

Yasushi hakuinua hata uso. Aliendelea kungoja, na sisi sote tukangoja, mpaka mhudumu akaanza kutazama saa. Nilidhani Kunio atatoka nje, wallahi. Kisha nikasikia viatu vyake.

Wakaushika pamoja. Vijiti vya Kunio viliteleza mara moja. Akasema, na yote haya nayasema kwa ruhusa yao wote wawili:

"Yasushi. Siku ile nilikuona umeshazimika. Nikaendelea kupiga. Mama aliniona. Ndiyo maana sikuweza kurudi, si kwa sababu ya mkanda."

"Shika vizuri, kaka," Yasushi akasema. "Tusimwangushe."

Hawakumwangusha.

Kunio, Yasushi, wakwe na wajukuu wa nyumba ya Migita, poleni sana. Mji mzima uko nanyi. Na nyinyi wasikilizaji wapendwa, nitanyamaza dakika moja, msiguse redio, haijaharibika. Katika dakika hiyo kila mtu amfikirie yule aliyemwona amechoka, hana tena mkono wa kujikinga, na bado akaendelea kumpiga. Mimi wangu namjua, nilimpiga kwa kipaza sauti hiki.