Sindano Iliyobaki

Basi la asubuhi lilikuwa nusu tupu, nami nilikaa nyuma ya muuguzi aliyevaa sare yake. Mama mmoja mjamzito alikuja kuketi kando yake, akamtazama, akamtambua.

"Dada, si wewe wa zahanati, chumba cha uzazi wa mpango?"

"Ndiyo mimi," alisema muuguzi, akijisogeza dirishani.

"Nilikuja mara tatu kufuata sindano. Kila mara uliniambia wafadhili wamekata msaada, nirudi mwezi ujao. Mimba haingoji mwezi ujao, dada yangu."

Nilijifanya nasoma tiketi yangu, ambayo ina mistari miwili tu.

"Walikata kweli, mama. Kabati lilikuwa tupu."

"Hata ile mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza ilibaki moja," alisema muuguzi, macho chini. "Nilimwekea mdogo wangu. Alikuwa na mtihani wa chuo."

"Na mimi nilikuambia nimepasuliwa mara tatu, na daktari amenionya nisibebe tena."

"Uliniambia. Lakini zingeletwa za kutosha, nisingechagua mtu."

"Ila ulichagua."

Hapo hata mimi niliona haya kuwa na masikio.

Basi likasimama mbele ya hospitali kubwa. Mama aliinuka kwa kushikilia kiti, mkono mwingine kiunoni.

"Na huyo mdogo wako, alifaulu?" aliuliza, bila kejeli hata chembe.

"Alifaulu," alijibu muuguzi, akajifunika uso kwa viganja.