Ema Asomee Wapi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya banda la kuuzia mbao, hapa Mjimwema, Njombe. Asubuhi baridi inauma mpaka watu wanakumbatia kikombe kabla ya kunywa. Mimi ni Mama Ema, ndiye ninayechemsha kahawa. Binti yangu ana miaka minne na nusu, na namfundisha kusoma mwenyewe: tunachora herufi kwa kidole kwenye vumbi la mbao, tunahesabu vizibo vya soda, tunawapa majina kuku wa jirani. Siku hiyo mama mkwe alikuwa njiani kutoka Makambako kuja kumchukua, akakae kwake asome chekechea ya huko. Alisikia mtoto anacheza tu, tena kwa mama aliyeishia darasa la saba. Baba Ema alisema, "Mama akiridhika, mtoto abaki. Asiporidhika, sina la kusema." Wateja wangu waliponiona namimina kahawa nje ya kikombe wakaniuliza kuna nini, nikawaambia. Basi, ikawa kazi.

— Hilo ni suala la utaratibu, — alisema Fidelis wa bodaboda. Tunamwita Wizara, maana huongea kama barua ya ofisini. — Mtoto hana sare. Bila sare, herufi haziingii.

— Kwani zinaingilia kwenye soksi? — Huyo ni Mzee Ezekia, muuza mbao, jina lake la hapa Futi Sita. — Acha hizo! Kinachofundisha ni baridi. Baridi inagandisha herufi kichwani. Unadhani watu wa Dar wanasahau miadi kwa nini? Joto! Zimeyeyuka, zimewatoka na jasho.

— Sasa Makambako kuna joto, mzee? — aliuliza Wizara.

— Makambako kuna upepo. Upepo unazipeperusha. Mama Ema, mtoto asiende huko.

— Nyie wote hamna kitu, — alidakia Yosefu, dalali wa parachichi, tunayemwita Mafuta. — Leo unachonga A kwenye parachichi, mtoto anakula. Kesho B. Mwezi ukiisha herufi zote ziko tumboni, kazi ni kuzipandisha tu.

— Zipande wapi? — aliuliza Futi Sita.

— Kichwani!

— Na zikishuka?

— Zikishuka anarudia darasa, — alijibu Wizara, uso mkavu.

Nilicheka, na machozi yalikuwa karibu. Nadhani waliyaona, kwa sababu ghafla wote wakataka kunisaidia. Futi Sita alileta ubao mzuri kabisa, wa kuuza, akaandika RATIBA kwa penseli ya fundi. Mafuta alivua koti akafuta benchi lote.

— Bibi akifika, mimi ni mkaguzi kutoka mkoani, — alisema Wizara. — Mafuta, wewe mwanafunzi.

— Nina miaka arobaini na mbili!

— Utasema ulichelewa kuanza.

— Na hizi ndevu?

— Jifunge mtandio wa Mama Ema kidevuni. Sema jino linauma.

Akajifunga. Bado tunabishana kama fundo likae juu au pembeni, tukasikia salamu ya Kibena:

— Kamwene.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yetu, mfuko mtupu wa safari begani. Nilipiga goti.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Poleni na baridi.

Wizara alisimama akakohoa.

— Karibu kwenye ukaguzi, mama. Shule ina ratiba, ina benchi, ina mwanafunzi mmoja mgonjwa wa jino...

Mama mkwe alimtazama Mafuta, akatazama ubao, akainama akatazama chini ya benchi.

— Mtoto mwenyewe yuko wapi?

Wizara alimgeukia Futi Sita. Futi Sita akanigeukia mimi. Mimi nilidhani yuko kwa kuku, na kwa kuku hakuwepo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya rundo la mbao:

— Hapana! Angalia tumbo. Tumbo likiwa huku ndiyo be.

Tukazunguka mbio. Ema alikuwa amezama ndani ya koti kubwa la Ambrose, mlinzi wa banda, mtu mzima ambaye hukaa huko nyuma peke yake na hajawahi kuja kijiweni. Ambrose mwenyewe alibaki na shati tu kwenye baridi ile, amechuchumaa, kidole kwenye vumbi la mbao.

— Samahani, mama, — aliniambia. — Ukiwa na wateja huwa ananifundisha. Mimi shule sikwenda. Jana nimeandika nusu ya jina langu.

— Nusu ipi? — aliuliza Mafuta, mtandio bado kidevuni.

— Ambro.

Mafuta akaufungua mtandio. Ema alimwona bibi yake, lakini hakumkimbilia. Alikunja uso.

— Bibi, umechelewa. Kaa nyuma ya anko Ambrose. Usiongee.

Mama mkwe akaushusha ule mfuko wa safari begani, akaukunja mara mbili, akauweka juu ya vumbi na kuukalia.

— Nianzie wapi, mwalimu?