Picha Ambayo Delbert Rausch Hakuitundika

Ndugu, majirani na ninyi nyote mliokuja kutufariji, familia imenipa mimi Janelle, mtoto wake wa kwanza, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe alituagiza tusimpambe, tutasema hata lile linalotuinamisha vichwa.

Marehemu Delbert Rausch alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 hapa Lima, Ohio, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Otto na Bibi Irma Rausch, akasoma hapahapa hadi alipomaliza sekondari mwezi Juni 1969, na wiki iliyofuata akaajiriwa kukaanga viazi katika mkahawa wa baga ulio kando ya barabara kuu. Alifunga ndoa na mama yetu, Doreen, tarehe 17 Mei 1975, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Curtis.

Tarehe 4 Juni 1984 alipandishwa cheo kuwa meneja, katika kazi ambayo vijana huingia Jumatatu na kuacha Ijumaa aproni ikiwa bado mpya, naye akasifika kote kwa kujua kuwabakiza watu. Siri yake ilikuwa picha ya mfanyakazi bora wa mwezi, ile ya karibu na kaunta, ambayo hakumpa aliyestahili bali yule aliyemwona ameanza kutafuta kazi kwingine. Alikuwa akitusimulia hila hiyo mezani, nasi tukicheka, Mungu atusamehe.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, lakini Bi. Opal Gaither alifanya zamu ya asubuhi miaka ishirini na miwili bila kuchelewa, akawafundisha wafanyakazi wapya wote kugeuza nyama na kumtuliza mteja aliyefura, na picha yake haikutundikwa hata mwezi mmoja. Siku moja mwaka 2003 alimuuliza marehemu mbele ya wenzake, "Vipi bosi, sura yangu itapasua kioo?" Wote wakaangua kicheko, naye marehemu akamjibu, "Opal, wewe huendi popote, nikupe ya nini?" Bi. Opal alicheka pamoja nao, akarudi jikoni, na mwezi huo akatundikwa kijana mwenye wiki tisa kazini, ambaye hata hivyo aliondoka. Bi. Opal alistaafu tarehe 30 Septemba 2011.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Machi 2021, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila Alhamisi Bi. Opal alimletea supu ya kuku, wala hakuwahi kuligusia jambo lile, na jamani, ukimya huo ulimuuma baba kuliko sindano. Tarehe 12 Agosti mwaka huu aliniomba nimpeleke kwa Bi. Opal akaombe radhi, tukakaa ndani ya gari dakika arobaini tukimwona akimwagilia maua yake, kisha akasema, "Nitamwambia nini, mwanangu? Kwamba nilimnyima kwa sababu alikuwa mwaminifu? Turudi." Nami, kwa aibu yangu, niligeuza gari. Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake wa zamani mliojaa humu leo. Bi. Opal, uliyekaa kiti cha nyuma kabisa, jana nilikuja kukuomba ruhusa ya kusoma haya, ukaniambia, "Soma, mwanangu, lakini usije ukanisimamisha mbele za watu." Basi wewe kaa, mama. Mimi, Curtis na mama yetu ndio tunaosimama mbele yako, tunakuomba radhi ambayo baba alishindwa kuiomba.

Baba, nenda kapumzike kwa amani, hili tumelipokea sisi.