Mwalimu Ratiba, Aliyetundika Kufuli Pamoja na Ufunguo Wake

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika chumba cha pili cha nyumba iliyotazamana na kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mpiga rangi wa mabati. Mama yake, ambaye yuko nasi na ameketi pale karibu na mlango, alikuwa fundi cherehani. Mama huyu alikuwa na tabia iliyowashangaza mafundi wenzake: karatasi zake za kukatia nguo alizitundika ukutani nje, na jirani yeyote aliruhusiwa kuzichukua, kuzinakili na kwenda kushona mwenyewe. Alichotoza ni matundu ya vifungo, kwa kuwa hayo yalitaka mkono wake. Hakuna jirani aliyewahi kumwita mwizi. Tunalitaja hili mapema kwa faida ya baadhi ya wageni wetu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari ya kutwa hadi 1986. Huko sekondari alikabidhiwa kazi ya kupiga kengele, kazi inayompa mtu nafasi ya kusoma ratiba iliyobandikwa ukutani kwa makini kuliko aliyeiandika. Aligundua kwamba mwalimu wa hesabu alitakiwa awe kidato cha pili na kidato cha nne kwa wakati mmoja, akamfuata kumweleza. "Najua," mwalimu alimjibu. "Mwaka wa tatu huu. Huwa naenda kule wanakopiga kelele kidogo." Kaka zake wanasema marehemu hakucheka, na kwamba tangu siku hiyo hakuwa sawasawa.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1990 akaanza kufundisha hesabu. Mwaka 1999 shule yake ilipewa kompyuta, ikawekwa ofisini na kufunikwa kitambaa cha mezani chenye maua. Marehemu aliomba ruhusa ya kukifunua. Mwaka uliofuata alikuwa ameandika programu ya kupanga ratiba za masomo, akaiita Kengele. Hapo ndipo alipopata jina la Mwalimu Ratiba, na hata benki walimwita hivyo.

Mlalamikaji wa kwanza wa Kengele alikuwa mwalimu wa kemia, aliyekuta amepangiwa vipindi vyote vya Ijumaa mchana. Alimwendea marehemu na karatasi mkononi. "Hii mashine yako imenikosea nini? Au ni wewe?" Marehemu alirekebisha, akampelekea ratiba mpya. Wiki iliyofuata akampelekea nyingine, ingawa hakuna kilichobadilika. Ya tatu ilipofika, mwalimu wa kemia alimwambia, "Kaa basi unywe chai, karatasi ni za shule hizo." Walifunga ndoa tarehe 11 Agosti 2001 na wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2004 marehemu aliifanya Kengele kuwa programu huria: msimbo wake, yaani yale maelekezo ambayo kompyuta inayafuata, aliuweka wazi mtandaoni. Leseni yake ilikuwa fupi. Chukua, soma, badili, wagawie wengine. Haikusema popote kwamba aliyeiandika ataishi kwa kula hewa, lakini hivyo ndivyo shule nyingi zilivyoisoma. Kengele ilienea. Marehemu alitengeneza, na mke wake akajibu maswali ya watumiaji kwa jina la Fundi wa Zamu. Watumiaji walidhani Fundi wa Zamu ni kijana fulani aliyeajiriwa. Walimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mwalimu wa kemia.

Tarehe 6 Januari 2014 marehemu aliongeza kipengele alichokiita Kuziba Pengo. Mwalimu akikosekana asubuhi, Kengele inamtafuta mwenzake asiye na kipindi na kumpeleka darasani. Kengele yote iliyobaki aliiacha bure kama ilivyokuwa. Kuziba Pengo peke yake alikiwekea kufuli na ada ya mwaka, ada inayolingana na katoni mbili za chaki. Na kwa kuwa msimbo wote ulikuwa wazi, hata kufuli lilikuwa wazi. Pembeni yake aliandika maneno haya, ambayo yapo hadi leo: "Hili ndilo kufuli. Kuufuta mstari unaofuata ndio ufunguo. Kama huna uwezo, futa. Kama unao, lipa, kwa sababu anayekujibu naye anakula."

Familia imesoma yaliyofuata na haitayarudia yote mbele ya watoto. Mwalimu Ratiba aliitwa tapeli, msaliti wa elimu, na mtu aliyeuza uhuru. Lugha yetu ina neno la huru na neno la bure, mbali mbali kabisa, lakini wasomi wetu walishindwa kuyatenganisha. Mwalimu mkuu mmoja, ambaye shule yake ilikuwa imetoka kujenga lango la kifahari lenye simba wawili wa saruji, aliandika: "Hizo hela utazikwa nazo." Familia inathibitisha kwamba jeneza limekaguliwa na halina kitu cha namna hiyo.

Fundi wa kompyuta mmoja, ambaye tunashukuru amefika na amekaa safu ya tatu, aliufuta ule mstari, akalibadilisha jina toleo hilo kuwa Kengele ya Ukombozi na kuligawa. Marehemu hakukasirika. Alisema ndivyo leseni inavyoruhusu, na kwamba ufunguo aliuacha pale ili utumike. Shule mia tatu na zaidi zilikombolewa. Chache ziliendelea kulipa. Nyingi kati ya hizo hazina hata uzio, achilia mbali simba, na wao wanajijua. Ahsanteni.

Mwaka 2020 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alipunguza vipindi, kisha akaacha kufundisha, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Simu alikwenda nayo. Muuguzi wa wodi ile anakumbuka siku mwalimu mkuu wa shule moja alipompigia marehemu simu, sindano ya mashine ikiwa imemchoma mkononi.

"Mwalimu Ratiba, programu yako imemweka mwalimu wa fizikia madarasa mawili."

"Pole. Ni toleo lipi?"

"La Ukombozi."

"Sasa mbona unampigia mkoloni?"

"Yule mkombozi hapokei simu."

Marehemu alicheka mpaka mashine ikalia, na muuguzi akamgombeza. Tatizo lenyewe marehemu alikuwa amelisahihisha miezi mingi nyuma. Ila Ukombozi haukuchukua masahihisho, uliondoa kufuli tu. Mke wake alimwambia, "Waache. Si wamejikomboa?" Marehemu akajibu, "Mwalimu wa fizikia hana kosa." Aliwatengenezea siku hiyo hiyo, bila malipo, kwa mkono usio na sindano. Mama yake alipoambiwa alisema mwanawe alikuwa na kichwa cha kupanga watu elfu, lakini kujipanga mwenyewe kulimshinda. Familia haina la kuongeza.

Alifariki Jumanne, tarehe 2 Januari 2024, asubuhi, mkewe akiwa pembeni.

Jana Ijumaa, viti vikiwa bado havijapangwa, ujumbe wa umoja wa walimu wakuu ulifika nyumbani. Mwenyekiti wao alimpa mjane pole, akakaa, akatoa pole tena.

"Mama, tuna jambo dogo tu. Shule zinafungua Jumatatu. Tungeomba nenosiri la marehemu, kazi isisimame."

"Nenosiri la nini, mwenyekiti? Msimbo uko wazi. Mnao."

"Tunao, mama. Ila hatuna anayeujua."

"Aliyeujua tunamzika kesho."

Mwenyekiti alikubali kwamba hilo ni kweli. Akaendelea. "Basi angalau kile kipengele cha kulipia kifunguliwe kwa wote. Kwa heshima ya marehemu. Na kama itawezekana, yule kijana wenu, Fundi wa Zamu, aendelee kutujibu. Mdomo wake mkali, lakini anajua kazi."

"Ni mimi," mjane alisema.

Wajumbe walitazama vikombe vyao. Mmoja wao aliomba kuonyeshwa maliwato na hakurudi.

Wasifu huu umechelewa kukamilishwa ili utoe jibu la mjane, kwa kuwa aliahidi kuwajibu hapa, mbele ya marehemu mwenyewe. Ombi lenu limekubaliwa. Jana jioni mjane aliondoa kufuli. Kuziba Pengo ni cha wote, bila ada, na msimbo wote upo palepale ulipokuwa siku zote, kila mwenye macho ausome. Baada ya hapo aliondoa namba ya simu ya msaada. Fundi wa Zamu amestaafu, na jumbe zenu hazitasomwa. Kuanzia Jumatatu mna kila mlichokuwa mkikidai kwa miaka kumi, na hakuna mtu atakayewatoza chochote, kwa kuwa hakuna mtu.

Maswali yanaweza kupelekwa safu ya tatu.

Marehemu ameacha mama, mjane, mabinti wawili, kaka wawili na dada wawili, mwalimu mmoja wa fizikia ambaye amekuja kwa miguu na hatujui jina lake, na programu moja isiyo na kufuli.

Apumzike kwa amani, na asipigiwe.