Swali la Buti Kwenye Simu

Benchi limo ndani ya kituo changu cha mafuta, kati ya mashine ya kahawa na friji ya minyoo ya kuvulia samaki, na tangu nirithi kituo hiki kwa baba sijawahi kuliona tupu kabla ya saa sita mchana. Wanaolikalia ni watatu, na kila mmoja hununua kikombe kimoja akakijaza mara nne, hasara juu yangu mimi Noella. Yupo Hakimu, aliyeitwa mahakamani siku mbili mwaka 1988 kuwa mmoja wa wazee wa baraza, kesi yenyewe ya mbuzi aliyekula viti vya gari, na mpaka leo anahukumu. Yupo Redio, asiyezimika. Na yupo Buti, Rosaire Pelletier kwa ubatizo, anayevaa mabuti ya mpira hata kanisani. Asubuhi hiyo ya Oktoba Buti alikuwa na shida ya kweli. Mjane wa Theriault alikuwa anauza pikapu ya marehemu, ile yenye sepetu kubwa la chuma la kusukumia theluji, na alimpa Buti mpaka saa sita, baada ya hapo anamuuzia mtu wa mji wa Presque Isle. Pikapu ya Buti ilishakufa, naye ameahidi kusafisha barabara ya zahanati na ya shule msimu mzima. Bila gari hilo, mkate wake wa majira ya baridi umekwenda. Benki ilikuwa tayari kumkopesha, ila lazima ione faili lake la mikopo, na faili hilo alilifunga mwenyewe baada ya mwizi wa mji wa mbali kununua trampolini sita za watoto kurukia kwa jina lake. Huku kwetu faili la mtu hukaa ofisi tatu, kila moja na kufuli lake, na ukishafunga hachungulii mkopeshaji yeyote, awe wa mwizi au wako. Ofisi mbili zilifunguka kwa dakika tano. Ya tatu ikagoma, ikamtaka apige simu ahojiwe kwanza, ijue kwamba yeye ni yeye.

Saa tano na dakika ishirini, baada ya muziki wa kusubirisha uliotuchosha sote, binti akapokea. Buti aliweka spika, maana masikio yake yaliharibiwa na kelele za msumeno wa miti zamani.

Binti wa simu: Bwana Pelletier, nina swali moja tu. Kati ya mitaa hii, ni upi uliowahi kuishi mwaka 2011? Mtaa wa Cedar, Mtaa wa Limestone, Mtaa wa Cross, Mtaa wa Garfield, au hakuna hata mmoja?

Buti akaivuta simu karibu.

Redio: Huo mtego huo!

Hakimu: Tulia, Redio. Binti, akikosea je?

Binti wa simu: Itabidi atume nakala za vitambulisho kwa posta. Ni kama siku kumi.

Redio: Siku kumi! Pikapu itakuwa Presque Isle inazaa wajukuu!

Hakimu: Ndiyo maana nasema haraka haraka haina baraka. Buti, jibu upesi.

Buti: Subiri kidogo.

Hakimu: Usubiri nini? Umezaliwa Barabara ya Mto, umeolea Barabara ya Mto, utazikwa Barabara ya Mto. Sema hakuna hata mmoja. Mahakamani hakuna jibu salama kuliko hilo. Tulimuuliza mwenye mbuzi maswali kumi na manne, yote akajibu hakuna, akaenda nyumbani na mbuzi wake.

Redio: Wewe hujui hizo ofisi zinavyofanya kazi. Mimi nimesikia. Mafaili yetu yamewekwa kwenye mgodi wa chumvi huko Kansas, chini kabisa, kila faili na mzee wake amelikalia. Ukipiga simu, yule mzee anaamshwa. Akiwa hajalala vizuri, anakutungia mtaa.

Hakimu: Mzee gani anakaa kwenye chumvi?

Redio: Ndiyo maana hawaozi.

Mimi: Redio, kunywa kahawa yako.

Redio: Dada Noella, imekwisha, ongeza kidogo. Halafu sikilizeni. Jibu hawalitaki kabisa. Wanapima sauti. Ukisema “Cedar” kwa sauti ya mtu mwenye deni, wanajua.

Binti wa simu: Sauti hatupimi, bwana.

Redio: Mmesikia alivyokana? Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja kwa posta!

Binti akakumbusha kwa upole kwamba anayepaswa kujibu ni Bwana Pelletier mwenyewe. Wote wakamwambia ndiyo, bila shaka, wakaendelea kama kawaida. Buti alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na nje mlangoni kipimajoto changu kilikuwa kinasoma nyuzi mbili.

Hakimu: Twende kwa ushahidi. Mwaka 2011 ulikuwa wapi? Mimi nakumbuka. Theluji ilifunika alama za barabarani, nikagonga sanduku la barua la padri. Buti hakuwepo kunivuta. Alikuwa mbali, jimbo la Dakota ya Kaskazini!

Redio: Kwenye visima vya mafuta! Miezi minne! Ule mwaka wa dubu!

Hakimu: Dubu aliyefungua mlango wa jikoni la kambi.

Redio: Akala siagi yote, akafunga mlango nyuma yake. Mnyama mwenye adabu. Hiyo stori nimemsimulia hata daktari wangu wa moyo.

Hakimu: Basi kesi imekwisha. Mtu aliyekuwa Dakota hawezi kuwa kaishi Cedar wala Cross. Binti, andika: hakuna hata mmoja.

Binti wa simu: Siwezi kuandika mpaka aseme yeye.

Hakimu: Sema, Buti!

Buti: Nimesema subirini, bwana!

Sijawahi kumsikia Buti akifoka. Hata mteja aliyekuwa anapampu mafuta nje aligeuka akatazama dirishani. Saa yangu ya ukutani ilikuwa inaelekea tano na nusu, na benki iko upande wa pili wa daraja.

Redio: Amesahau, masikini. Baridi ya Dakota inakula kumbukumbu kuanzia masikioni.

Hakimu: Hajasahau. Anaogopa kiapo.

Redio: Basi nimeshajua. Ni yule mwizi wa trampolini!

Mimi: Mwizi wa mwaka huu anaingiaje mwaka 2011?

Redio: Ndiyo ujanja wake! Mwizi wa kawaida anaiba ya leo. Huyu amerudi nyuma, amekuibia majira ya baridi mazima. Wewe uko Dakota unapambana na dubu, yeye yuko Mtaa wa Cross na jina lako, amekaa sebuleni, miguu kwenye hita, anakula pai. Buti, kuna Buti mwingine, na ninavyoona mimi anaishi vizuri kuliko wewe.

Hakimu: Hilo linaweza kuwa kweli. Baraza lingelifikiria.

Redio: Sasa ukijibu “hakuna”, yule anapotea. Ukijibu “Cross”, pikapu anaichukua yeye. Fahali wawili hawakai trampolini moja!

Hakimu: Mimi nashikilia hakuna.

Redio: Na mimi nasema akate simu, tumpigie dubu awe shahidi.

Hapo nikakasirika. Mtu anazama na watu wazima wawili wanabishania rangi ya maji. Nilikuwa nimeshainua mkono nipige kaunta, binti wa simu akanitangulia.

Binti wa simu: Samahani. Mmekuwa mkiongea dakika kumi na tatu. Kuna yeyote hapo aliyemuuliza Bwana Pelletier aliishi wapi?

Hakimu akamtazama Redio. Redio akaangalia ndani ya kikombe chake. Mimi pia nikagundua kwamba sikuwa nimemuuliza.

Buti: Mtaa wa Cross.

Binti wa simu: Asante, Bwana Pelletier. Ni sahihi. Nalifungua faili sasa hivi, litakaa wazi siku saba, kisha litajifunga lenyewe. Benki wanaweza kuliona kuanzia sasa.

Tungepaswa kushangilia.

Redio: Cross ipi?

Buti: Hii hii. Hapo nyuma. Namba kumi na saba, chumba cha juu. Mke wangu Yvette alinifukuza mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nakunywa, nyie mnajua nilivyokuwa nakunywa. Nikapanga hapo, umeme kwa jina langu.

Hakimu: Na Dakota?

Buti: Sijawahi kufika Dakota.

Redio: Na... na dubu?

Buti: Nilimsoma kwenye gazeti, kwa daktari wa meno.

Redio: Ulitupiga kamba miaka yote hii!

Buti: Nilishawaaga kwamba naenda Dakota, Redio. Mlinifanyia keki. Ningerudije kesho yake niseme nimehamia nyuma ya kituo cha mafuta kwa sababu mke wangu hataki kuniona? Nikawa nanunua vitu mji wa pili, nikirudi napitia upande wa reli.

Mtaa wa Cross uko nyuma ya mapipa yangu ya taka. Ukitoka mlango wa nyuma unauona ule mlango wa namba kumi na saba, na hata mlemavu wa miguu anafika kabla kahawa haijapoa. Ile keki niliipika mimi.

Hakimu alivua kofia. Sauti yake ya mahakamani ilikuwa imemtoka.

Hakimu: Miezi minne ulikuwa hapo peke yako?

Buti: Kile chumba kina dirisha moja, linatazama huku. Asubuhi nilikuwa nawaona. Wewe hapo, Redio hapo, Noella anamimina. Nilikuwa nachemsha kahawa yangu saa ileile mnayokaa nyie, nakunywa pamoja nanyi. Kwenye lile dirisha ndipo nilipoacha kunywa pombe.

Akasimama, akafunga zipu ya koti. Saa tano na dakika thelathini na sita.

Hakimu: Ingia kwenye gari langu. Hayo mabuti yako hayajui kukanyaga mafuta. Nakupeleka.

Hakimu, ambaye hata siku ghala la viazi lilipoungua hakuinuka kwenye benchi kabla ya saa sita, alikuwa ameshatoka anawasha injini. Buti akamfuata mbio, na simu akaisahau pale pale kwenye benchi, taa inawaka.

Redio akabaki peke yake kwenye benchi. Aliipangusa kwa mkono nafasi ya Buti, kana kwamba kuna makombo.

Redio: Noella. Krismasi ile alikula nini?

Nikaanza kuosha kikombe cha Buti.

Binti wa simu: Bwana Pelletier? Kuna jambo lingine lolote ambalo ningeweza kukusaidia leo?

Redio akainama juu ya simu. Nilimwona anatafuta neno, yeye ambaye hajawahi kulikosa, na hakulipata.